Mjadala: Kwotabeki akibadilishwa na timu ikashinda, sifa ni za nani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila msimu wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani huko Marekani, kuna timu itakayofungwa mechi mbili tatu mfululizo, na mashabiki wake wataanza wimbo ule ule: kwotabeki atolewe. Kwa asiyeufuatilia mpira huu, kwotabeki ndiye anayepewa mpira mwanzo wa kila shambulizi, kisha anaamua aurushe mbele, amkabidhi mkimbiaji au akimbie nao mwenyewe. Timu ina kikosi cha kushambulia na kikosi cha kulinda, wakiingia hawa wale wanatoka. Kwotabeki hakabi mtu. Lakini ushindi na vipigo vyote vinaandikwa kwa jina lake, kana kwamba alicheza peke yake.

Hoja yangu: tukimsifu kwotabeki mpya aliyechukua namba, mara nyingi tunawasifu walinzi bila kujua. Na timu zenyewe zinafanya kosa hilo hilo, tena kwa mamilioni ya dola.

Chukueni Denver, msimu wa 2015. Kwotabeki wao Peyton Manning ana miaka 39, mguu unauma, mkono hauna nguvu tena. Novemba 15 dhidi ya Kansas City alirusha mipira 20, ikafika mitano, yadi 35 tu, na wapinzani wakanasa minne. Kocha Gary Kubiak akamtoa, akamwingiza Brock Osweiler. Kijana akaanza mechi saba, timu ikashinda tano. Magazeti yakasema Denver imempata mrithi. Mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida mambo yakamchachia, Manning akarudishwa kipindi cha pili, na hakutoka tena hadi Super Bowl ya 50, yaani fainali ya ligi, Februari 2016. Denver 24, Carolina 10.

Sasa angalieni alichofanya Manning siku ile: yadi 141 za pasi, hakuna pasi hata moja ya tachidauni, yaani ya kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Denver nzima ilisogea yadi 194, na hakuna bingwa wa Super Bowl aliyewahi kusogea kidogo hivyo. Mlinzi wao Von Miller ndiye aliyebeba mechi. Mara mbili alimfikia Cam Newton, kwotabeki wa Carolina, akampokonya mpira mkononi: mara ya kwanza mwenzake Malik Jackson akauangukia ndani ya eneo la mwisho, tachidauni, mara ya pili Denver wakapewa mpira mlangoni kabisa. Tuzo ya mchezaji bora ikaenda kwa Miller, sawasawa kabisa.

Kwa hiyo walinzi wale wale walishinda na Manning aliyechoka, wakashinda na Osweiler asiye na uzoefu, wakashinda tena na Manning. Lakini Machi 2016 Houston walimpa Osweiler mkataba wa miaka minne, dola milioni 72. Desemba akawekwa benchi. Machi iliyofuata wakampeleka Cleveland na kuwaongezea Cleveland haki ya kuchagua mchezaji wa raundi ya pili katika ule uchaguzi wa kila mwaka ambao timu hugawana vijana wapya kwa zamu, ili tu wawaondolee ule mshahara. Yaani ulitoa mahari, ukarudisha bibi harusi, na mbuzi juu.

Kifaru Mweusi

Mkuu, umechagua mfano unaokupendeza. Mbona hukusema habari za Oakland mwaka 2016? Kwotabeki wao Derek Carr alivunjika mguu siku moja kabla ya Krismasi, katika mechi iliyowapa ushindi wa 12. Wakamaliza msimu kwa ushindi 12 na vipigo 4, halafu mechi ya mtoano wakamwanzisha Connor Cook, mgeni ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja katika ligi. Wakapigwa 27 kwa 14. Ulinzi ulikuwa ule ule. Alikosekana mtu mmoja tu.

Mleta mada

Na aliyewapiga ni nani? Houston, kwotabeki wao akiwa huyo huyo Osweiler! Houston msimu huo ndiyo iliyoruhusu yadi chache kuliko timu zote za ligi. Mfano wako umeniongezea nguvu, asante.

Kifaru Mweusi

Haujakuongezea kitu. Nimesema bila Carr timu ilikufa. Hilo hujalijibu.

Binti Likoni

Sikizeni, nyote mnaruka mkasa wenyewe. Septemba 23, 2001, New England na Jets ya New York. Drew Bledsoe, kwotabeki wa New England, ambaye mwezi wa tatu tu alikuwa ametia saini mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 103, anakimbia kando ya mstari. Mo Lewis wa Jets akamgonga, damu ikamwagika kwa ndani. Akaingia Tom Brady, aliyechaguliwa wa 199 mwaka uliotangulia. Bledsoe alipopona, kocha Bill Belichick akakataa kumrudishia namba. Yaani maradhi yakuondoe, ukipona ukute mlango umefungwa. Hiyo ndiyo kesi ya kujadili: je, ni haki mtu kupoteza namba kwa sababu ya jeraha?

Na kuhusu walinzi namuunga mkono mleta mada kidogo. Mechi ya kwanza Brady kuanza, New England iliifunga Indianapolis 44 kwa 13. Watu hukumbuka Brady. Lakini Brady siku ile hakurusha tachidauni hata moja. Walinzi Otis Smith na Ty Law kila mmoja alinasa pasi ya Manning, ambaye enzi hizo alikuwa Indianapolis, akaikimbiza mpaka mwisho wa uwanja. Na Super Bowl ya msimu ule ule, dhidi ya St. Louis, Law alifanya hivyo hivyo kwa kwotabeki wao Kurt Warner. Wakashinda 20 kwa 17 kwa teke la Adam Vinatieri la yadi 48.

Ila pale Pittsburgh, mechi ya kutafuta tiketi ya fainali, Brady aliumia kifundo cha mguu na Bledsoe aliyetupwa akaingia na kurusha tachidauni. Wakashinda. Miezi mitatu baadaye akapelekwa Buffalo. Na mwaka 2006 huko Dallas akawekwa benchi tena wakati wa mapumziko, akaingia Tony Romo. Mimi kila nikikumbuka huyu bwana, namhurumia wallahi. Mara mbili kazi yake ilichukuliwa na kijana ambaye timu karibu zote zilimpita.

Mleta mada

Dada, kwenye haki ya Bledsoe mimi niko na Belichick. Namba si shamba la urithi. Lakini sikatai kwamba inauma.

Muganda wa Waltham

Ndugu zangu, niko karibu na Boston, na hapa Waganda tumejaa. Niruhusuni nimtaje mtu wetu. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alisoma Boston College kisha akachaguliwa na Giants ya New York raundi ya kwanza mwaka 2006. Msimu wake wa kwanza, wanacheza na Tennessee, Giants wanaongoza 21 kwa 14, dakika za mwisho. Jaribio la nne, yaani Tennessee wakishindwa hapo mpira si wao tena. Kiwanuka akamkumbatia kwotabeki Vince Young, kazi imekwisha. Akamwachia! Alidhani mpira umeshatupwa, na kumwangusha kwotabeki aliyekwisha kutupa ni kosa linaloadhibiwa vikali. Young akakimbia nao. Tennessee wakashinda 24 kwa 21.

Sasa niambieni, ushindi ule ulikuwa wa kwotabeki au wa kitabu cha sheria?

Na mwaka uliofuata Giants wakambadilisha nafasi, kutoka mlinzi wa ukingoni akawa lainbeka, kwa sababu ukingoni walikuwepo Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck. Kazi mpya kabisa: ulizoea kuinama ukasukumana, sasa unasimama, unasoma, unarudi nyuma kukaba pasi. Novemba akavunjika mguu. Wenzake wakaenda kuiangusha New England iliyokuwa imeshinda mechi 18 bila kufungwa, 17 kwa 14, yeye akitazama. Kwotabeki akibadilishwa dunia nzima inazungumza. Mlinzi akibadilishiwa maisha, kimya.

Namba Sita

Hapo umenigusa, kwa sababu mimi ni mtu wa raga. Sisi Wakenya tulikuwa na Daniel Adongo. Alitoka raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand, mwaka 2013 Indianapolis Colts wakamsajili awe lainbeka, hajawahi kucheza mpira huo hata shuleni. Na akaingia uwanjani mwaka huo huo, kabla ya kuachwa 2015. Watu hudhani ukijua kuangusha mtu basi umemaliza. La. Raga unaangusha mwenye mpira na mchezo unaendelea. Kule kila sekunde chache wanasimama, unapewa maagizo mapya, na ukikosea hatua moja tu umefungua mlango. Mbio na nguvu alikuwa nazo. Miaka kumi na mitano ya kusoma mchezo ndiyo usiyoweza kuinunua.

Ndiyo maana naona rahisi zaidi kwotabeki kugeuka kitu kingine kuliko mwingine kuja kuwa kwotabeki. Julian Edelman alikuwa kwotabeki wa chuo cha Kent State, New England wakamfanya mpokeaji, na mwaka 2011 akacheza hata ulinzi. Kwotabeki wa zamani Tim Tebow alijaribu njia hiyo kule Jacksonville mwaka 2021, lakini alikuwa na miaka 34. Alichelewa.

Kifaru Mweusi

Tumetoka nje ya mada. Nawaulizeni kuhusu Philadelphia. Desemba 2017 kwotabeki wao Carson Wentz alipasuka kano ya goti, akaingia Nick Foles. Super Bowl wakaifunga New England 41 kwa 33. Ulinzi wa Philadelphia uliruhusu Brady yadi 505! Usiniambie walinzi ndio walioshinda. Foles alirusha tachidauni tatu na moja akaipokea mwenyewe. Tuzo yake.

Mleta mada

Hii nakupa, mkuu, kwa asilimia kubwa. Kwamba Brandon Graham alimpokonya Brady mpira zikiwa zimebaki dakika mbili hivi, nitaitaja kwa ukaidi tu. Foles alishinda ile mechi. Ila alipopewa dola milioni 88 Jacksonville alivunjika mtulinga mechi ya kwanza, sitaki hata kuanza.

Binti Likoni

Nyote wawili mnaangalia upande mmoja wa uwanja. Usiku ule New England walikuwa na mlinzi Malcolm Butler, aliyewapa ubingwa miaka mitatu nyuma kwa kunasa pasi ya Seattle mlangoni. Msimu mzima alicheza karibu kila dakika ya ulinzi. Fainali, Belichick akamweka nje, hakumpanga kulinda hata mara moja. Wimbo wa taifa ukipigwa, kamera zilimwonyesha akilia. Kisha Foles akarusha yadi 373.

Kwa hiyo kulikuwa na mabadiliko mawili ya wachezaji, si moja. La Wentz tumelijadili miaka yote. Nani ana jibu la lile la Butler?