Mrejesho: hedifoni za besi au za sauti ya wastani

Wiki tatu zilizopita niliwauliza: ninunue hedifoni za besi nzito (zile sauti nene za chini), au za wastani, zile zinazotoa wimbo kama ulivyorekodiwa, bila kukoleza chochote? Ahsanteni nyote. Nimenunua za wastani, na za besi nikaazima kwa binamu yangu wa Majengo nilinganishe.

Nyumbani usiku, kwenye taarabu, za wastani hazina mpinzani. Besi ikizidi hufunika sauti za kati, na huko ndiko aliko mwimbaji, na udi, na fidla. Kwenye za binamu, mpiga ngoma kama kamkalia mwimbaji kichwani! Nilipobadilisha, nikasikia kanuni, ile ala ya nyuzi, ikijibizana na fidla mahali ambapo miaka yote nilidhani pako kimya. Ila siku ya kwanza niliziona zimepooza, kama mchuzi usiotiwa chumvi. Sikio lilichukua siku nne kuzoea.

Feri ya Likoni ni habari nyingine. Ngurumo ya injini inaimeza besi, muziki unabaki mwembamba. Hapo za binamu zilishinda, sikatai. Mimi nimepandisha kidogo tu besi, kuanzia hezi 100 kushuka chini, kwenye ikwaliza ya simu (pale pa kuongeza au kupunguza sauti za chini, za kati na za juu), inanitosha. Binamu keshazidai zake.