Fantasia ya kuchekesha si lazima iwe ya watoto. Majaji, mtuheshimu!

Wanajukwaa, nimekasirika na sitanyamaza. Nilituma hadithi kwenye shindano moja la uandishi wa Kiswahili hapa Kampala, kipengele cha fantasia, yaani hadithi za uchawi na viumbe wa kubuni. Tangazo lao lilisema fantasia ya aina yoyote. Ya kwangu inamhusu jini aliyetoka kwenye chupa na sasa anataka kitambulisho cha taifa. Anaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji chake. Kijiji kipi? Anaishi chupani, na chupa iko ziwani. Hakuna mwenyekiti anayekubali kwamba maji yale ni ya kijiji chake, mpaka uvumi uenee kuwa jini anaweza kutoa dhahabu. Hapo wanajitokeza wenyeviti watatu, kila mmoja na muhuri wake mkononi.

Jibu limekuja: wameihamishia kipengele cha watoto, eti kwa sababu inachekesha, na fantasia ya watu wazima inatakiwa kuwa na uzito.

Mtoto gani wa miaka tisa anajua kuhangaikia muhuri? Nani anayeambiwa "rudi Jumatatu" mpaka nauli ya boda inamwishia, kama si mtu mzima? Na watoto nao wametukanwa hapo, maana kipengele chao kimefanywa jalala la kila kinachowashinda majaji.

Kwao uzito ni panga, unabii na mwana wa mfalme aliyepotea. Basi wamsome Terry Pratchett, mwandishi wa Uingereza. Dunia yake ya kubuni ni bapa, imebebwa na tembo wanne waliosimama juu ya kobe mkubwa, na ameiandikia riwaya 41 kati ya 1983 na 2015. Katika ile ya 1992, mungu mwenye dola nzima ya waumini anajikuta amekuwa kobe mdogo asiye na nguvu, kwa kuwa anayemwamini kwa dhati ni kijana mmoja tu. Wengine wote wanaliogopa kanisa lake, yeye wamemsahau. Unacheka, halafu unafunga kitabu unawaza.

Kama Uingereza ni mbali, Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, alisoma hapa hapa Makerere. Katika riwaya yake ya Kikuyu, Mũrogi wa Kagogo, Mtawala anavimba mwili kama puto mpaka anaelea, huku akitaka mkopo wa kujenga mnara wa kufika mbinguni. Na Kiswahili chenyewe kina riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anatupwa angani na kutua kwenye nchi inayoisuta ile aliyotoka. Jaji wa fantasia ya Kiswahili asiyeijua Walenisi anaamua nini?

Tena hawatofautishi. Fantasia ya kuchekesha inaweza kuutania utanzu wenyewe tu: joka linaloogopa moto, mchawi aliyesahau dawa zake. Hiyo inatosha, haihitaji kuomba radhi kwa kukosa funzo. Tashtiti, yaani kejeli ya kusuta, inalenga nje ya kitabu, kwa mwenye muhuri na mwenye kiti. Zote mbili ni kazi ngumu. Sharti la uchawi uliloliweka ukurasa wa kwanza haliruhusiwi kuvunjwa ukurasa wa kumi ili tu upate kicheko. Na wahusika hawatakiwi kujua kwamba wanachekesha. Jini wangu hacheki hata mara moja. Anataka kitambulisho. Nimeandika upya sura ile ya wenyeviti hadi usiku wa manane ili hasira yake iwe ya kweli, halafu mtu anasoma na kusema haina uzito!

Ninachotaka ni hiki: mswada wangu urudishwe kipengele nilichokiomba, au uondolewe kabisa, na vigezo vya majaji viandikwe kwenye tangazo kabla watu hawajatuma. Nimeshawaandikia hivyo.

Nani mwingine amehamishiwa kwa watoto kwa kosa la kuchekesha? Weka hapa walichokujibu, nataka tuwapelekee kwa pamoja.