Fonti ya Baskerville: "mzee" anasomeka "mzcc", nifanyeje?

Binti_Chikongola:
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Mtwara mjini. Babu mmoja wa Mikindani kaandika historia ya ukoo wake kwa mkono, madaftari mawili makubwa, anataka kijitabu cha kugawa siku ya dua ya ukoo. Sharti lake ni moja: "Herufi ziwe za kitabu, si za barua ya serikali." Nikamwekea Baskerville, ukubwa 11. Kwenye kompyuta ilipendeza. Nikaprinti nakala moja, nyingine nikazitoa fotokopi. Balaa! Kile kistari cha katikati ya e kimepotea, kila palipo na "mzee" panasomeka "mzcc". Printa imechoka au fonti ndiyo haifai? Times msiniambie, babu ameshaikataa.

Kitangari_One:
Dada weka Times New Roman, chukua hela yako. Mwambie ndiyo hiyo hiyo.

Mpanga_Chapa:
Usimdanganye, wazee wa Mikindani wana macho. Times ilitengenezewa gazeti la London, likaanza kuitumia mwaka 1932, ili maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba, ndiyo maana kwenye kitabu inaonekana ina haraka.

Mwanangu, shida yako ni karatasi. Mimi kazi hii nilijifunzia kwenye kiwanda cha misheni upande wa Masasi, kupanga herufi za madini ya risasi moja moja, kinyumenyume. Zilikuja zimehesabiwa kwa Kiingereza: e zimejaa, k, w na z za kuhesabu. Ukipanga "kwa kuwa wakazi wa kwanza" umeshafilisika, unangoja mwenzako abomoe ukurasa wake uazime. Na ile Q ya Baskerville yenye mkia mrefu, wanayoisifia dunia nzima, sisi tungeipeleka wapi? Labda kwenye neno Qur'ani tu.

Sasa huyo John Baskerville alikuwa mtu wa Birmingham, Uingereza. Alianza kama mwalimu wa mwandiko na mchonga mawe ya makaburi, akatajirika kwa biashara ya vyombo vya kupakwa vanishi ya kung'aa, ndipo akaingia kwenye chapa. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, yule mshairi wa Roma ya kale, kilitoka 1757. Alitaka mstari mnene uwe mnene kweli na mwembamba uwe mwembamba kweli, kama wa kalamu ya unyoya. Lakini alijua kwamba kwenye karatasi zenye mabonde za siku zile wembamba ule ungepotea. Akatafuta karatasi laini, akatengeneza wino wake mwenyewe, mweusi tii, na ukurasa ukishachapwa akaubana kati ya mabamba ya shaba yenye moto. Wewe umechukua herufi, pasi umeiacha.

Karatasi yako bila shaka ni ya gramu 70, na rimu imekaa wazi wiki nzima inakunywa unyevu wa bahari. Nunua ya gramu 80, ifungue siku ya kazi. Fotokopi achana nayo, printi kila nakala. Halafu pakua Libre Baskerville, ni ya bure. Ilichorwa kwa ajili ya skrini, kwa hiyo herufi ndogo zimeongezwa kimo na mistari myembamba imenenepeshwa kidogo. Ni pana, itakula kurasa, ishushe hadi 10. Na kama unapiga pini katikati, hesabu ya kurasa igawanyike kwa 4.

Wakikuambia inaumiza macho, usibabaike. Hata Benjamin Franklin, yule Mmarekani maarufu aliyekuwa mchapaji, mwaka 1760 alimwandikia Baskerville kuhusu bwana mmoja aliyelalamika hivyo hivyo. Franklin alimletea karatasi ya herufi za Caslon, mchonga herufi mwingine wa Uingereza, kachana juu penye jina, akamwambia ndizo za Baskerville. Bwana akaanza kuzitoa kasoro moja baada ya nyingine!

Fundi_Mawe_Lindi:
Kumbe alichonga makaburi? Mimi nachonga vibao vya marumaru huku Lindi, na kwa majina ya marehemu napenda hiyo hiyo. Kile kijiguu cha mwisho wa herufi kinakuja kikali, patasi inakifuata yenyewe. Ila mstari mwembamba lazima niunenepeshe, maana chumvi ya bahari inaula.

Mpanga_Chapa:
Ndiyo, fundi. Kibao chake cha jiwe cha kutangaza kazi hiyo kipo Birmingham mpaka leo. Mwenyewe alipokufa 1775 hakuzikwa kanisani, alizikwa kwenye kiwanja chake, na baadaye mwili ukahamishwa. Mchonga makaburi, lake halikutulia.

Binti_Chikongola:
Shikamoo mzee. Nimefanya ulivyosema. Kurasa zimetoka 40 zikawa 44, na "mzee" sasa ni mzee. Jana nikampelekea babu nakala ya kusahihisha. Leo imerudi, kazungushia kalamu nyekundu kila g kwenye kurasa tatu za kwanza. Pembeni kaandika: "Binti, hizi zimekatika chini. Printa yako itazamwe."

Mpanga_Chapa:
Marahaba. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kaja kuuliza. Hiyo g ndivyo ilivyo, kitanzi chake cha chini hakifungwi, ndiko wanakoitambulia. Mwonyeshe kwamba zote zimeachia palepale.

Binti_Chikongola:
Nimemwonyesha. Kasema basi na huyo Mzungu printa yake itazamwe.