Pengo la bajeti ya Jiji la Mbeya: tupandishe ushuru wa meza, au kwanza tuzibe matundu?

Mpiga Hesabu wa Kabwe
Wadau, mlolongo mnaujua. Ukomo wa bajeti unashuka kutoka juu, wataalamu wanakisia mapato ya ndani, Kamati ya Fedha inapitia, Baraza la Madiwani linapitisha, mkoa na TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa) wanakagua, Julai Mosi kazi inaanza. Mishahara na fedha nyingi za miradi zinatoka Hazina. Kipande ambacho Jiji linaweza kukivuta lenyewe ni mapato ya ndani, na ndiko makisio yanakonenepeshwa ili vitabu visawazike. Ikifika robo ya pili, makusanyo yako nyuma na wakandarasi wako mlangoni.

Pendekezo langu: ushuru wa meza upande. Chukueni mfano tu: meza 1,000, kila moja ikitoka shilingi 300 kwenda 500 kwa siku, siku 300 za soko. Hiyo ni milioni 60 bila kuanzisha chanzo kipya. Wauza viazi wa Uyole ndio watakaopiga kelele, na wao ndio wakwepaji namba moja.

Gunia Halina Kosa
Wakwepaji? Mkuu, rudi ukasome Sura ya 290. Ushuru wa mazao anadaiwa mnunuzi, tena kwenye halmashauri ambako zao lililimwa. Viazi vya Isangati vimelipiwa Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, vya Isongole vimelipiwa Rungwe, vya Makete huko huko Makete. Vikishuka Uyole vina stakabadhi. Jiji lina haki ya ushuru wa soko, basi. Likidai tena ule wa mazao, hiyo ni mara mbili kwa gunia lile lile. Nani mkwepaji hapo?

Sokomatola Juu
Mnagombania mia mbili ya mama wa mchicha wakati ng'ombe wa maziwa alishaswagwa zamani. Kodi ya majengo ilianza kwenda TRA mwaka 2016. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: ilianza 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 5,000 kila sakafu ya ghorofa, mwaka 2023 ikawa 1,500 na 7,500. Maegesho nayo yaliwahi kwenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Halafu mnashangaa Jiji linamkimbilia mwenye meza! Ubaya wa hiki kiwango kimoja ni kwamba nyumba ya vyumba viwili Itezi na jumba lenye bustani Uzunguni zinalipa sawasawa. Uthamini ulikuwa unatofautisha. Na anayekatwa ni mpangaji anayenunua umeme, sheria inasema mwenye nyumba.

Mpiga Hesabu wa Kabwe
Sokomatola, hayo ni ya Bunge. Diwani hawezi kuibadili kodi ya majengo hata akikesha. Nimeuliza kinachowezekana ndani ya sheria ndogo za Jiji.
@Gunia, nimesema wakwepaji kwa sababu ya lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Kataa na hilo.

Mwana wa Ghana
Na ushuru wa huduma je? Kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kutoa VAT. Kwa kiwango hicho, duka la vifaa vya ujenzi linalouza milioni 200 kwa mwaka lilipaswa kuleta 600,000. Wengi wanatoa hesabu ya kubahatisha, na afisa biashara anapokea kwa sababu hana ritani za VAT mkononi za kulinganisha. Kabla hamjamgusa muuza nyanya, chukueni leseni zote za Mwanjelwa na Kabwe, muone nani ana leseni lakini hana hata ankara moja ya ushuru wa huduma.

Jembe Butu
Kiwanda cha saruji pale Songwe kinalipa bei gani huduma levi? Hakitajwi.

Mwana wa Ghana
Kaka, hapo Songwe ni Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, si Jiji. Uwanja wa ndege vivyo hivyo. Jiji linapata vumbi na malori.

Gunia Halina Kosa
Sikatai lumbesa ipo. Nakataa kuambiwa ni ya mkulima. Dalali ndiye anayekuja na kamba na kilemba cha kuongezea juu ya gunia, mkulima anaambiwa "jaza au bakia nayo".

Karani wa Zamu
Ngoja niwape hesabu, maana mnapigana gizani. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Ushuru wa mazao mwaka 2017 uliwekwa asilimia 2 ya thamani kwa chakula na 3 kwa mazao ya biashara. Thamani! Lakini getini hakuna mizani, kwa hiyo mkusanyaji anahesabu magunia. Lori la magunia 100 ya lumbesa, kila moja kilo 130, ni tani 13 zinazolipiwa kama tani 10. Kama kilo shambani ni shilingi 600, tani 3 ni 1,800,000, na asilimia 2 yake ni 36,000. Kwa lori moja.

Na kuna mchezo mwingine. Mwaka huo huo 2017 mzigo usiofika tani moja ulisamehewa ushuru ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine. Pikapu inapakia magunia tisa. Kwa kuhesabu ni kilo 900, inapita bure. Kwa mizani ni kilo 1,170. Zikipita pikapu kumi na mbili, lori zima limevuka bila risiti.

Mpiga Hesabu wa Kabwe
Ndiyo nilichosema. Wakwepaji.

Gunia Halina Kosa
Hiyo hasara ni ya Rungwe na Halmashauri ya Wilaya, wala si ya Jiji! Wewe ulisema bajeti ya JIJI. Soma post yako mwenyewe, ndaga fijo (asante sana).

Binti Isyesye
Mmeacha tundu kubwa mnahesabu viazi. POS, ile mashine ya mkusanyaji, inatoa risiti hata mtandao ukiwa umekata. Mkusanyaji halafu anatakiwa atoe ankara ya jumla, apate kontroo namba, apeleke benki. Fedha ikitumika kabla ya hapo, hata kwa mafuta ya gari la taka, hiyo ni fedha mbichi na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ataandika hoja. Tofauti ya risiti na kontroo namba zilizolipwa inaonekana kwenye mfumo, mashine kwa mashine, jina kwa jina. Deni la aina hiyo ni la kufuatilia tu.

Lisiloonekana ni lile la "karatasi imeisha". Anapokea hela, hatoi risiti, ripoti inabaki safi kama maji ya mlima Loleza. Dawa yake ni kuangalia saa kwenye risiti. Jumamosi soko linachemka kuanzia saa mbili asubuhi. Ukikuta mashine haikutoa risiti yoyote hadi saa tano, halafu saa tano na nusu zimetoka arobaini mfululizo, mwulize chaji iliisha au alikuwa anasubiri nini. Pili, mtu asiye mkusanyaji apite ahesabu meza zenye watu. Meza 400, risiti 260: hapo huhitaji kupandisha kiwango.

Mpiga Hesabu wa Kabwe
Dada, ukiwabana wote bado kuna makato. Katika mapato yasiyolindwa, yaani yasiyofungwa kwa kazi maalumu, asilimia 10 inakwenda mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, nne-nne-mbili. Kisha fungu la maendeleo. Ada za zahanati ni mapato lindwa, huzigusi. Kinachobaki cha kuendesha ofisi ni kidogo.

Binti Isyesye
Na ukipandisha ushuru, makato hayo hayapandi pamoja nao? Nawe mpiga hesabu!

Jembe Butu
😂😂 Kabwe amelala.

Karani wa Zamu
Turudi kwenye lumbesa, ina dawa. Gari la zaidi ya tani tatu na nusu linapimwa mizani ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na kupewa karatasi ya uzito. Uzito mtupu uko kwenye kadi ya gari. Toa huu kwenye ule, umepata kilo za viazi bila kugusa gunia. Mkusanyaji adai karatasi ya mizani pamoja na stakabadhi.

Gunia Halina Kosa
Canter inayotoka shambani Isangati inakutana na mizani gani kabla ya Uyole, mzee wangu? Inashusha saa kumi alfajiri, imemaliza.

Karani wa Zamu
Basi mizani ya jukwaa ya kilo 300 pale pale getini. Pima magunia matano kati ya mia, chukua wastani, zidisha.

Gunia Halina Kosa
Matano atachagua nani? Dalali ataweka yasiyo na kilemba mbele, karibu na mlango wa bodi.

Sokomatola Juu
Yachaguliwe ya katikati.

Gunia Halina Kosa
Ya katikati uyatoe vipi bila kushusha lori? Kibarua wa kushusha na kupandisha analipwa na nani, Jiji?