Jimu ya mtaani, benchi mbili, watu wengi: adabu ni zipi?

mgeni_wa_vyuma
Salaam jamani. Naanza jimu wiki ijayo, ghorofa ya kwanza huku Tudor, Mombasa. Benchi mbili, raki moja, feni tatu. Nafasi yangu ni saa kumi na mbili jioni tu, na ndipo pamejaa. Nisubiri mtu amalize benchi kabisa? Taulo ni lazima? Na nikiona mtu anainua vibaya, nimwambie?

kocha_wa_kisauni
Usisubiri, omba kupokezana. Piga hesabu: seti ya marudio 8 hadi 10, yaani kuinua mara 8 hadi 10 mfululizo, ni kama sekunde 40, kubadilisha sahani za uzani sekunde 20. Anayebeba kizito hupumzika dakika 2 hadi 3 kati ya seti, kwa hiyo benchi moja inatosha watu watatu na hakuna anayecheleweshwa. Ila uzani usipishane sana. Wewe una kilo 40 na mwenzio 100, mtashinda mkihamisha sahani.

Ngoja arudishe chuma, ule mtarimbo unaobeba sahani, kwenye ndoano, akae, ndipo uulize: "Umebakisha seti ngapi? Naweza kuingia kati?" Akiwa amebeba usimsemeshe, wala usipite kati yake na kioo, anakitumia kuangalia chuma kimelala sawa.

Kupakua: sahani moja kushoto, moja kulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Chuma cha kiwango cha kilo 20 huvumilia kidogo mzigo wa upande mmoja, lakini vya mtaani vingi vimetengenezwa na fundi na ni vyepesi. Ukimaliza upande mmoja kwanza, upande wenye mzigo unashuka na ule mtupu unaruka usoni mwa mtu. Na soma maandishi kabla ya kupakia, maana sahani nyingine za mtumba huja kwa ratili. Iliyoandikwa 25 ya ratili ni kilo 11.3, si 25.

leso_na_vyuma
Taulo ni lazima, tena mbili: moja ya uso, moja ya kulalia. Leso kuukuu inafaa kuliko taulo nene, inakauka upesi. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na kaskazi ikiingia jasho halikauki kabisa. Ngozi ya benchi ikipasuka, jasho linaingia kwenye sponji na hakuna kitambaa kitakacholitoa tena. Majipu na fangasi huambukizana hapo.

Kufuta: maji na matone machache ya sabuni ya vyombo, umimine kwenye kitambaa, si kwenye benchi. Dawa ya kung'arisha nguo msitumie. Inakula chuma na kukausha ngozi ya benchi hadi ipasuke. Mishikio ya chuma isuguliwe kwa brashi ya nailoni, kisha mafuta ya cherehani kidogo mno yapakwe na kufutwa hadi mkono usiteleze. Hiyo ni kazi ya mwenye jimu, lakini ukimwona anaacha kutu iote, mkumbushe kwa heshima.

Viatu: mtu asiingie na viatu alivyokimbilia ufuoni. Mchanga ukiingia chini ya mkanda wa mashine ya kukimbilia unausaga mkanda na ubao wake. Kandambili nazo, sahani ikikuponyoka utajua wewe na vidole vyako.

kocha_wa_kisauni
Hilo la mchanga watu hulipuuza sana. Mashine yenyewe inakufa mapema, halafu analaumiwa fundi.

mzani_sawa
Kuhusu kumsahihisha mtu: akiwa hajaomba, nyamaza, isipokuwa kuna hatari ya karibu. Mgongo kupinda kidogo siyo hatari ya karibu. Kibano cha kuzuia sahani kilichofunguka, au chuma kilichomkwama kifuani, ndiyo. Kwa hayo mengine, ngoja apumzike, muulize kama angependa maoni, umpe jambo moja tu. Akiwa mtu mzima, anza na shikamoo. Akisema hataki, yaishe.

Ukiombwa umshike mtu kwenye benchi, yaani umsimamie akiinua, kwanza mkubaliane: marudio mangapi, na neno gani ndilo la kusaidia. Simama nyuma ya kichwa chake, mikono karibu na chuma bila kukigusa. Ukikigusa mapema umemharibia seti, hajui tena alichobeba yeye. Chuma kikisimama au kikianza kushuka wakati anakisukuma juu, usingoje neno: kamata kwa mikono miwili na mrudishe hadi kwenye ndoano. Usiachie njiani.

Kwa kuwa mko ghorofani, msitupe vyuma chini. Na adhana ikianza, muziki hupunguzwa. Usiurudishe juu wewe mgeni.

mgeni_wa_vyuma
Ahsanteni sana. La mwisho: nataka kujirekodi nione kama nachuchumaa sawa. Inaruhusiwa?

leso_na_vyuma
Muulize mwenye jimu kwanza. Akikubali, simu iwe ubavuni mwako, kimo cha nyonga, hatua mbili au tatu, ielekee ukuta mtupu. Kioo kikiwa nyuma yako kinachukua chumba kizima, na hapo umepiga picha watu wasiokuruhusu. Rekodi seti moja, uzime. Na ukute saa za akina mama hazijaisha, usubiri nje kwenye ngazi, simu ikiwa mfukoni.