Nissan Leaf ya mtumba au IST ya kufunga gesi: ipi nafuu kuimiliki Dar es Salaam?

Mkazi_wa_Mbezi aliandika:

Salaam wakuu. Ninaishi Mbezi Mwisho na ofisi yangu ipo Posta, kwa hiyo kwenda na kurudi ni takriban kilomita 50 kila siku ya kazi, sehemu kubwa ikiwa ni foleni ya Barabara ya Morogoro. Ninataka kununua gari kabla ya mwaka kuisha, na nimebakiwa na machaguo mawili yaliyopishana bei kwa laki chache tu: Toyota IST ya injini ya sisi 1,300, na Nissan Leaf, gari la umeme, ya mwaka 2013 yenye betri ya uniti 24, iliyoagizwa kutoka Japani.

Muuzaji wa Leaf ananihakikishia kwamba nitaisahau sheli kabisa, na kwamba gari lile halina oili ya injini, halina plagi wala mkanda wa kukatika. Mke wangu, ambaye ndiye mwenye kununua luku nyumbani, ana wasiwasi wake: sisi tupo kwenye daraja la matumizi madogo, uniti moja tunaipata kwa shilingi 122 pamoja na kodi, naye anaamini gari litatuondoa huko.

Ninachoomba ni hesabu ya kulimiliki gari kwa miaka mitano, yaani nishati, matengenezo, vipuri, na kile kitakachobaki siku ya kuliuza. Nyumba ni yangu, na gari hulala ndani ya geti.

Mhasibu wa Kinyerezi alijibu:

Mkuu, shemeji ana haki ya kuwa na wasiwasi, na tuanze hapo. Daraja la D1, yaani hilo la matumizi madogo, linakupa uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Zinazozidi hutozwa shilingi 350, na mteja anayezoea kuvuka kiwango hicho huhamishiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida. Huko uniti ni shilingi 292, ambayo ukiongeza asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya REA (umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati) inakuwa kama shilingi 356. Kwa hiyo usipige hesabu ya Leaf kwa shilingi 122 hata siku moja. Piga kwa 356, kisha ukumbuke kwamba friji, pasi na pampu ya maji navyo vitahama pamoja na gari, gharama ambayo muuzaji hawezi kukutajia.

Sasa chukulia mwendo wa kilomita 1,300 kwa mwezi, pamoja na mizunguko ya mwisho wa juma. Leaf ndogo, ukihesabu kile kinachopotea wakati wa kuchaji, itakula takriban uniti 18 kwa kilomita 100. Hizo ni uniti 234 kwa mwezi, sawa na shilingi 83,000 hivi. IST kwenye foleni yetu, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, ukipata kilomita 12 kwa lita ushukuru; ni lita 108, na kwa mfano wa shilingi 2,900 kwa lita unafika 314,000. Bei ya lita uibadilishe kila EWURA inapotangaza mpya, Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Watu wengi husimama hapo na kutangaza kwamba umeme umeshinda. Lakini wewe upo Dar es Salaam, ambako kuna gesi asilia. IST hiyo hiyo ikifungwa mfumo wa CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa, hupata kilomita 17 hivi kwa kilo moja, na kilo moja ikiwa shilingi 1,550 utatumia kama 118,500 kwa mwezi. Tofauti ya gesi na umeme ni shilingi 35,000 tu kwa mwezi, au laki nne na ushee kwa mwaka. Kufunga mfumo, tuseme kwa shilingi milioni 1.8, kunajilipa ndani ya miezi kumi hivi kutokana na petroli unayoiepuka. Ushindani wa kweli, kwa mtu wa njia yako, ni kati ya umeme na gesi, na laki nne kwa mwaka si fedha ya kubeba hatari ya betri iliyochoka.

Fundi_Waya alijibu:

Nimefanya kazi na magari ya umeme na ya mseto kwa muda, na ninakubaliana na mhasibu kuhusu nishati. Ningependa kuongeza kuhusu betri, kwa sababu ndiyo gari lenyewe.

Leaf ya 2013 haina mfumo wa kimiminika wa kupoza betri. Pakiti hukaa chini ya sakafu na kupoa kwa hewa inayopita tu, na joto ndilo adui wake mkubwa. Si jambo la kubahatisha: mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, Marekani, walianza kulalamika kwamba betri zao zinapungua haraka, na mwaka uliofuata Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri ya miaka 5 au maili 60,000. Dar es Salaam haina jua la jangwani, lakini pia haina msimu wa baridi wa kuipumzisha betri, na gari lako litashinda juani Posta.

Tazama dashibodi upande wa kulia wa kipimo cha chaji; utaona vijiti vidogo kumi na viwili. Hivyo havionyeshi chaji iliyomo, bali uwezo uliobaki. Kijiti cha kwanza hupotea uwezo unapofika karibu asilimia 85, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Gari lenye vijiti tisa limebaki na takriban asilimia 70, na kwa betri ya uniti 24 utapata pengine kilomita 80 za foleni na kiyoyozi. Leo zinakutosha kwenda Posta na kurudi. Swali lako, hata hivyo, ni la miaka mitano, na betri hiyo ikishuka hadi nusu utakuwa unarudi Mbezi ukiwa umezima kiyoyozi, huku taa ya kobe ikiwaka kukuambia kwamba gari limepunguza nguvu. Kununua pakiti nyingine na kuisafirisha hadi hapa kunaweza kukaribia bei ya gari zima.

Tena usiviamini vijiti peke yake. Wapo wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili vijiti kumi na viwili virudi, kisha vinaanza kudondoka tena gari likiwa mikononi mwa mnunuzi. Programu ya LeafSpy kwenye simu, pamoja na kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, itakuonyesha asilimia ya afya na tofauti ya volti kati ya seli. Lakini kipimo cha uhakika ni barabara. Omba gari lililojaa chaji, lipeleke Kibaha na kulirudisha, na uone kilichobaki. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Nimtetee kidogo muuzaji: matengenezo ya gari la umeme ni madogo kweli. Breki hudumu kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha chaji, na kwenye foleni gari likisimama halili kitu zaidi ya kiyoyozi na vitu vidogo. Kuhusu mkanda, hata hivyo, IST ya sisi 1,300 inatumia mnyororo, si mkanda, kwa hiyo hilo aliliongeza kunogesha biashara.

Dereva_Mtandao alijibu:

Mimi naendesha IST ya gesi kwa kazi ya teksi. Hesabu za mhasibu ziko karibu na ukweli, ila kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye karatasi, nayo ni foleni ya kituo. Kuna siku nimefika usiku nikadhani nimewahi, nikakuta bajaji zimepanga hadi barabarani. Vituo vinaongezeka, lakini panga muda wa kujaza kama unavyopanga muda wa kulala. Mtungi pia unachukua sehemu kubwa ya buti; ukienda msibani Tanga na familia, mizigo itakaa miguuni mwa watoto, na safari za mikoani kwa sehemu kubwa utachoma petroli. Fungia kwenye karakana iliyoidhinishwa inayokupa cheti cha mtungi, wala usikubali mtungi uliotumika usio na tarehe ya kupimwa, kwa sababu ndani yake kuna msukumo wa bar 200.

Mkazi_wa_Mbezi aliandika:

Nawashukuru sana. Nimerudi yadi jioni hii na kuangalia: Leaf ina vijiti tisa. Muuzaji amekubali Kibaha, ila ananitaka niache malipo ya awali kwanza. Mhasibu, je, bei ya kuuza tena inaweza kubadilisha picha?

Mhasibu wa Kinyerezi alijibu:

Inaibadilisha, na kwa kuifanya Leaf ionekane mbaya zaidi. IST iliyotunzwa huuzwa kwa simu mbili tatu, na kila fundi wa mtaani anaijua. Leaf ya mwaka ule, baada ya miaka mitano mingine ya joto la Pwani, itanunuliwa na mtu anayetafuta vipuri. Hesabu ingegeuka kama ungepata ile ya betri ya uniti 40, iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2017, kwa sababu hata ikipoteza theluthi itakuwa na zaidi ya ile unayoitazama ilivyokuwa mpya. Lakini bei yake haipo kwenye bajeti uliyotaja.

Malipo ya awali usiache. Kwanza Kibaha, kisha fedha. Na kama bado moyo uko kwenye umeme, mpeleke fundi akakague waya wa nyumba kabla ya kuamua, maana soketi ya kawaida iliyofungwa kwa waya mwembamba haikutengenezwa kubeba mzigo mzito wa saa kadhaa mfululizo kila usiku.