Mjadala: Je, Java ingekataza kukasti klasi mama kuwa klasi mtoto?

Mwanzilishi wa mada: Waungwana, katika lugha ya programu ya Java nina klasi (kiolezo cha vitu) Mnyama, na klasi Ng'ombe na Mbuzi zinairithi, yaani zinachukua sifa zake. Kompaila (programu inayokagua na kutafsiri msimbo kabla haujaendeshwa) inaniruhusu nikasti, yaani nitamke kwamba kigeu cha Mnyama kichukuliwe kuwa Ng'ombe, kisha programu inakatika kwa kosa la ClassCastException, kumbe ndani alikuwamo mbuzi. Kwa nini lugha isikataze jambo hili tangu mwanzo?

Fundi Mkongwe: Lugha haina kosa. Kila ng'ombe ni mnyama, lakini si kila mnyama ni ng'ombe. Kupanda (kutoka mtoto kwenda mama) hakuhitaji ukaguzi, ila kushuka (kutoka mama kwenda mtoto) hukaguliwa programu inapoendeshwa, kwa sababu kompaila haiwezi kujua ni nani aliyemo zizini. Kukasti hakumgeuzi mbuzi. Anayekasti kila mahali hajui kusanifu: mbinu (kitendo cha klasi) iwekwe kwenye klasi mama, kila mtoto aitekeleze kwa namna yake.

Mzoefu wa Java: Ndugu yangu, hilo la "hajui kusanifu" limenichoma. Kabla ya Java 5, mwaka 2004, ukichukua kitu kwenye orodha unapewa Object (klasi mama ya zote), kwa hiyo ilibidi sote tukasti. Hata walioiandika Java waliifanya Stack (rundo) irithi Vector (orodha), na mpaka leo unaweza kupenyeza kitu katikati ya rundo linalopaswa kuguswa juu tu. Nao hawakujua?

Mwalimu wa Kompyuta: Mimi naona neno "kurithi" ndilo linalopotosha. Mrithi hupokea mali mzazi akishafariki, ilhali klasi mama ingali hai, na ukiibadilisha leo watoto wote wanatikisika. Tuseme klasi mtoto "ni aina ya" klasi mama.

Fundi Mkongwe: Mwalimu, samahani, kurithi si mali peke yake; mtoto hurithi sura ya mama yake akiwa hai.

Mwalimu wa Kompyuta: Sura haitoshi. Mwaka 1987 mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov alieleza kwamba mtoto astahili kukaa mahali pa mzazi bila kuharibu matarajio ya anayemtumia. Stack inaweza kukaa mahali pa Vector, ila sura ya Vector iliyorithi inaharibu matarajio ya anayetumia rundo.

Mwanzilishi wa mada: Shikamooni wakubwa zangu. Nimejaribu jambo jingine: safu (mfululizo wa vitu vya aina moja) ya Ng'ombe nimeipitisha kama safu ya Mnyama, kompaila ikakubali, nikaweka mbuzi, nikapata kosa la ArrayStoreException (kuweka kitu cha aina isiyofaa kwenye safu), na sikukasti mahali popote. Kosa hili nalo ni la usanifu wangu?